Kupiga wayaringi upya kwenye pikipiki unayoibadilisha umbo

Usiku ule nilikuwa natoka Bagamoyo narudi Dar es Salaam. Nimepita Mapinga, lori linakuja mbele yangu, nikasogeza usukani kidogo kushoto kulipisha. Taa zote zikazimika kwa pamoja: kubwa, ya nyuma, mpaka mwanga wa dashibodi. Injini inaunguruma, mwendo uko palepale, barabara siioni. Nilisimama kwa kukumbuka tu ukingo wa lami ulikuwa wapi.

Asubuhi nilivua taa kubwa. Nyuma yake, pale shingo ya usukani inapozunguka, nikakuta waya mwekundu umebanwa kwenye chuma na ganda lake limesagika. Sentimita mbili kutoka hapo palikuwa na kiungo kilichosokotwa kwa vidole na kuviringishiwa solotepu. Gundi ilikuwa imeyeyuka, shaba ya ndani imegeuka kijani. Kazi ile niliifanya mwenyewe, na pikipiki ilikuwa imependeza kweli: siti fupi, tangi limepakwa rangi mpya, usukani umeshushwa. Uzuri wote ule nusura uniue kwa sababu ya waya mmoja uliopita mahali pasipofaa.

Tangu hapo, pikipiki yoyote ninayoibadilisha umbo naanza na umeme, rangi inafuata. Ninaeleza hapa jinsi ya kupiga wayaringi mpya kwenye pikipiki za aina ya CG125, zile za kichina za cc 125 na 150 zilizojaa mitaani kwetu. Injini yao inafuata ile ya Honda CG125 iliyotoka miaka ya 1970, na umeme wake ni mwepesi kuuelewa kuliko watu wanavyodhani. Ukiumudu huu, pikipiki nyingine hazitakusumbua sana.

Kwanza ijue CDI yako

CDI ni kiboksi cha kielektroniki kinachoipa plagi cheche. Kabla hujagusa waya wowote, jua plagi inapata moto kutoka wapi. Kuna CDI inayolishwa na koili yake maalumu ndani ya magneti, yaani jenereta ndogo inayozungushwa na injini. Hii hutoa cheche hata betri ikiwa imekufa. Na kuna CDI inayolishwa na betri kwa volti 12. Namna ya kuwasha na kuzima injini hutofautiana kabisa kati ya hizi mbili, na ukizichanganya unaunguza CDI.

Jaribio ni hili. Toa fyuzi kuu. Fungua plagi, iingize kwenye kofia yake, iegemeze kwenye chuma cha injini mbali na tundu la plagi ili cheche isikutane na mvuke wa petroli. Weka funguo kwenye kuwasha, piga kiki. Ukiona cheche, CDI yako inajitegemea. CG nyingi ziko hivyo, na ndiyo maana usiku ule fyuzi ilikatika, taa zikafa, lakini injini ikaendelea kuunguruma.

Picha, vibandiko, na ramani

Piga picha kila soketi kabla ya kuichomoa, kwa karibu, rangi za nyaya zionekane. Kisha kata vipande vya tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi, uandike kwa kalamu ya wino na kubandika kila ncha: "breki nyuma", "honi", "pikapu" (kihisi kinachoiambia CDI lini itoe cheche). Usijiambie utakumbuka. Baada ya wiki mbili pikipiki ikiwa vipandevipande utakuwa umesahau.

Toa mkanda wote wa nyaya ukiwa mzima. Usikate soketi karibu na mdomo. Iachie mkia wa sentimita kumi, kwa sababu soketi ya CDI na ya swichi za mkononi utaihitaji tena. Utandaze mkanda sakafuni kwa umbo la pikipiki, mbele ukitazama mbele, halafu chora.

Mchoro huu ndio kazi yenyewe. Chukua karatasi kubwa, weka betri katikati. Kutoka chanya ya betri waya mwekundu unaingia fyuzi kuu, unaenda swichi ya funguo. Kutoka swichi ya funguo unatoka waya mweusi, ambao ndio "umeme uliowashwa" wa pikipiki nzima: unalisha honi, swichi za breki, flasha (kifaa kinachopepesa indiketa), taa ya nyutro. Kila kifaa kinapata umeme kutoka mweusi na kurudisha kwenye kijani, yaani hasi, ambayo mafundi tunaiita ethi. Ukielewa sentensi hiyo moja, mkanda ule uliokuwa unakutisha unageuka matawi machache ya mti.

Rangi za Honda ambazo wachina wengi walizifuata ni hizi: kijani ni ethi, nyekundu ni betri, nyeusi ni umeme uliopita funguo, bluu ni taa ya full, nyeupe ni dimu, kahawia ni taa ya nyuma, kijani chenye mstari wa njano ni breki, chungwa ni indiketa ya kushoto, bluu ya anga ni ya kulia, kijivu kinatoka kwenye flasha. Kwenye CDI, nyeusi yenye mstari mwekundu inatoka kwenye koili ya kuilisha, nyeusi yenye mstari wa njano inaenda kwenye koili ya plagi, na nyeusi yenye mstari mweupe ni ya kuzimia injini. Zichukue kama mwanzo wa uchunguzi. Pikipiki iliyokwishapita mikononi mwa mafundi watatu inaweza kuwa na rangi yoyote mahali popote, kwa hiyo pima kila waya kwa multimita, kile kipimo cha umeme, ikiwa kwenye mlio (hulia umeme ukiwa na njia), ncha hadi ncha.

Piga hesabu ya umeme

Wati ukigawanya kwa volti unapata ampea. Taa kubwa ya wati 35 kwenye volti 12 inakula karibu ampea 2.9. Taa ya breki ya wati 21 inakula 1.75. Indiketa mbili za wati 10 zinazowaka pamoja, karibu 1.7. Taa ya nyuma ya wati 5 ni chini ya nusu ampea. Ongeza honi, ambayo kwa kawaida ni ampea 2 hadi 3. Ukiwasha vyote kwa wakati mmoja unakaribia ampea 10, kwa hiyo fyuzi kuu ya 15 inatosha kabisa.

Fyuzi iko pale kulinda waya usiwake moto. Ukiweka fyuzi ya 30 kwa sababu ile ya 15 inakatika mara kwa mara, umechagua waya wako ndio ukatike badala yake, na waya huo unapita chini ya tangi la petroli. Fyuzi ikikatika, tafuta chanzo. Na ikae karibu na betri iwezekanavyo, kwa sababu kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina kinachokilinda.

Unene: milimita 1.5 za mraba kwa waya mwekundu mkuu na ethi kuu, 1 kwa taa kubwa na honi, 0.75 au 0.5 kwa indiketa, taa ya nyuma na dashibodi. Waya mnene wa stata (sahani ya koili za magneti) uache ule wa asili. Nunua waya wa magari wenye nyuzi nyingi nyembamba. Kariakoo, Dar es Salaam, na Kirinyaga Road, Nairobi, unapatikana kwa mita. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mgumu usiutumie hata kama umebaki kwenye ujenzi wako. Mtikisiko wa injini unaukunjakunja mpaka unakatikia ndani ya ganda, na kwa macho utaonekana mzima.

Kama unataka taa kubwa ya LED

Hapa tukae kidogo, maana ndipo wengi wanapopoteza pesa.

Kwenye CG nyingi, tofauti na ile yangu ya Mapinga, taa kubwa hailishwi na betri. Inalishwa moja kwa moja na koili za magneti, kwa umeme unaopanda na kushuka kufuata mzunguko wa injini. Ndiyo sababu ukiwa kwenye foleni mwanga unafifia, na ukivuta mafuta unang'aa. Balbu ya kawaida inavumilia. LED haivumilii: inapepesa kama taa ya duka lenye umeme mbovu, na mwisho inakufa. Utasikia "LED za siku hizi feki", kumbe imelishwa chakula kisicho chake.

Njia ya haraka ni kuihamishia taa kwenye betri na kuacha mengine kama yalivyo. Tatizo ni kwamba koili za asili zinachaji betri kwa nusu tu ya wimbi, tena kidogo. LED ndogo ya wati 15 inaweza kuvumilika. Ukizidisha, baada ya safari mbili tatu za usiku betri yako ya 7Ah iko taabani.

Njia ya kudumu ni kuinua ethi ya koili. Fungua kifuniko cha magneti, toa ile sahani ya koili. Tafuta koili za taa: zimesukwa kwa waya mnene, na ncha yake moja imelehemiwa kwenye chuma cha sahani. Ilehemue ncha hiyo, iunganishe na waya mpya unaostahimili joto na oili, ulehemu vizuri, uvishe mrija unaosinyaa kwa moto, na uutoe nje kupitia mpira uleule wa nyaya nyingine. Sasa koili ya taa ina ncha mbili zilizo huru. Zipeleke kwenye rektifaya ya wimbi zima yenye njia mbili za njano, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa koili uweze kuchaji betri na kuuzuia usizidi. Hazichagui ipi ni ipi. Nyekundu ya rektifaya inaenda betri, kijani inaenda ethi, na taa kubwa sasa inalishwa na betri.

Mambo mawili usiyasahau. Koili nyembamba inayolisha CDI, ambayo kwa multimita husoma mamia ya omu, iachie ethi yake. Ukiinua na hiyo, injini haitawaka. Pili, koili ya taa mara nyingi ina waya wa tatu unaotokea katikati. Washa injini, pima volti za AC kati ya jozi za nyaya, chagua jozi yenye volti nyingi zaidi, na ile iliyobaki ifunge vizuri isiguse chuma. Kabla ya kufunga kifuniko pima mlio kati ya ncha zako mbili na bodi ya injini. Pakilia, kuna mahali pamegusa, rudi nyuma.

Tandaza kwa kamba kabla ya waya

Chukua kamba ya katani au uzi wa nailoni, uupitishe kwenye fremu njia ileile unayotaka waya upite. Kamba moja ya taa ya mbele, moja ya nyuma, moja ya injini. Zifunge kwa muda, kisha zungusha usukani mpaka mwisho kushoto, mpaka mwisho kulia, ukiangalia kamba. Ikikaza, ongeza. Ikilegea ikaingia kwenye shingo, ihamishe. Bonyeza shoki za mbele ziende chini. Weka tangi mahali pake, lisukume, utoe, uone kama kamba imebanwa. Pita mbali na silensa na mnyororo.

Ukiridhika, kata nyaya kwa kipimo cha kamba na uongeze upana wa kiganja kila ncha. Nyaya zangu za Mapinga zingepita jaribio hili kwanza, lile giza nisingeliona.

Viungo

Vua ganda la waya milimita tano au sita, si zaidi. Iangalie tamino, kile kichwa cha chuma kinachobanwa kwenye ncha ya waya, kwa karibu: ina mabawa mawili. Bawa la mbele hubana shaba, la nyuma hubana ganda. Ni lile la nyuma linalobeba mtikisiko, na ndilo ambalo fundi mwenye haraka huliponda kwa plaizi mpaka linapasuka. Nunua koleo maalumu la kubania tamino. Ukilinganisha na bei ya CDI moja, linajilipa mapema. Ukishabana, vuta waya kwa nguvu. Ukichomoka, heri umechomokea mezani.

Kulehemu kwa risasi kuna mahali pake, kama kule kwenye koili. Kwenye mkanda wa nyaya napendelea kubana, kwa sababu risasi hupanda ndani ya nyuzi na kuzifanya ngumu, na waya hukatikia pale ugumu unapokutana na ulaini. Ukilazimika kulehemu, kishike kiungo kwa mrija mrefu unaosinyaa na ukifunge mahali kisipochezacheza. Kwa sisi wa pwani, kila kiungo kilicho wazi kipake grisi kidogo au kivishe mrija. Hewa ya chumvi haisubiri.

Ethi

Pikipiki iliyopakwa rangi upya ina tatizo moja kubwa: rangi haipitishi umeme. Umeme wa taa ya nyuma uliokuwa ukirudi kupitia fremu sasa hauna njia, unahangaika kupitia nyaya za indiketa, na unaona mambo ya ajabu: ukikanyaga breki, indiketa zinawaka hafifu.

Kutoka hasi ya betri peleka waya mnene kwenye bolti ya injini. Peleka mwingine kwenye fremu, mahali ulipokwangua kwa msasa mpaka chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi juu. Halafu usiitegemee fremu tena. Taa kubwa, taa ya nyuma, na kila indiketa vipewe waya wake wa kijani unaorudi kwenye kituo kimoja karibu na betri.

Kipimo chake ni rahisi. Washa taa, weka ncha moja ya multimita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye ethi ya taa. Ikisoma zaidi ya volti 0.2 au hapo, kuna kiungo kinachokula mwanga wako.

Funguo na kuzima injini

Kwa CDI inayojitegemea, injini huzimwa kwa kuugusisha ule waya mweusi wenye mstari mweupe kwenye ethi. Swichi ya funguo ya CG ina nyaya nne. Ikiwa wazi, inaunganisha nyekundu na nyeusi, na kuachanisha ule wa kuzimia na ethi. Ikifungwa, inafanya kinyume. Vijana wengi hununua swichi ndogo nzuri ya nyaya mbili, wanashangaa funguo iko mfukoni na injini bado inawaka. Wengine hujaribu kuupa waya wa kuzimia volti 12 wakidhani unahitaji umeme. Hapo CDI imekwenda. Nunua swichi ya nyaya nne. Swichi nyekundu ya mkononi nayo iunge vilevile, waya wa kuzimia na kijani.

Indiketa za LED

Flasha ya zamani hutegemea mzigo wa balbu mbili za wati 10. Ukiweka LED za wati moja moja, itapepesa kwa kasi au itaganda. Badilisha flasha, weka ya kielektroniki. Nyingi zina mguu wa tatu unaohitaji ethi.

Kisha kuna lile linalowachanganya wengi: umewasha kushoto, zinawaka zote nne. Sababu ni taa moja ya indiketa kwenye dashibodi iliyoungwa kati ya kushoto na kulia. Balbu za zamani zilikuwa kubwa mno kuwaka kwa umeme mdogo unaopenya hapo; LED zinawaka. Chukua dayodi mbili za 1N4007, vifaa vidogo vinavyopitisha umeme kuelekea upande mmoja tu. Moja itoke waya wa kushoto, nyingine waya wa kulia, pande zenye mstari zikutane na ziingie kwenye taa ya dashibodi, mguu wa pili wa taa upeleke ethi. Vishe mrija, basi.

Swichi za breki, ya mkono na ya mguu, zote mbili ziungwe sambamba: mweusi unaingia, kijani chenye njano kinatoka. Wanaotengeneza pikipiki za mtindo hupenda kuitupa ile ya mbele ili usukani uwe msafi. Nakuomba uibakize. Anayekufuata kwa nyuma hajui umeshika breki ya wapi.

Jaribu kabla ya kufunga

Mahali pa fyuzi kuu weka balbu ya breki ya wati 21, waya mbili na tamino mbili. Funguo ikiwa imefungwa, balbu isiwake kabisa. Fungua funguo, washa kifaa kimoja kimoja. Balbu itang'aa kiasi kufuatana na mzigo. Ikiwaka kwa nguvu zote wakati hujawasha kitu, kuna shoti, na balbu imekuokolea fyuzi na nyaya. Tikisa mkanda, zungusha usukani ukiangalia balbu. Ikibadilika ghafla, umepapata mahali.

Kisha rudisha fyuzi. Betri iliyojaa ikiwa imepumzika isome volti 12.6 au zaidi. Washa injini, pandisha mzunguko, isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikivuka 15, rektifaya haizuii; zima kabla balbu hazijaungua. Washa taa zote ukiwa na mzunguko wa kati: ikishuka chini ya 13, umeweka mzigo kuliko magneti inavyoweza, punguza wati.

Sasa ndipo ufunge. Tumia tepu ya kitambaa. Ile ya plastiki huyeyuka gundi chini ya tangi na kuacha utelezi mweusi. Iviringishe nusu juu ya nusu, na karibu na shingo usiikaze sana, nyaya zipate nafasi ya kujikunja.

Ule mchoro wako unakili upya kwa rangi ulizotumia kweli, uutie kwenye mfuko wa nailoni, uufunge chini ya siti pamoja na fyuzi mbili za akiba. Baada ya wiki ya kwanza ya kuendesha, vua siti na tangi tena, vuta kila kiungo kwa vidole, na kaza upya bolti za ethi.